Kable ilifika Muanda 2013. Na sisi je?



Rezo ikilala siku mbili, jibu linakuwaka lile lile: kable ya baharini imekatika. Mara ingine ni kweli. Mwezi wa kwanza 2020, kisha mafuriko makubwa ya mto Kongo ya mwisho wa 2019, matope na mchanga vilishuka mu lile bonde refu lenye kuwa chini ya bahari, mbele ya mdomo wa mto. Vilitembea zaidi ya kilometa 1.100, na kable za SAT-3 na WACS zikakatika. Mwezi wa nane 2023, tena zile zile mbili. Sisi wa agronomia hiyo hatuna lazima ya kuelezwa mara mbili. Udongo ukishabebwa na maji, hakuna waziri wa kuusimamisha.

Lakini nakataa jibu hilo lijibie kila kitu.

Stesheni ya WACS ilifunguliwa Muanda 2013. Kutokea hapo tumezoezwa kuhesabu kilometa za fibre: kwanza Muanda mpaka Kinshasa, kisha ule mstari wa SCPT wa kwenda Mbujimayi, Lubumbashi mpaka Kasumbalesa. 2019 tukapewa na mpango wa taifa wa numerike, jina lake "Horizon 2025". Mwaka 2025 ulifika, ukapita. Kusema ukweli, horizoni ni kitu chenye kurudi nyuma kila ukiikaribia, pengine jina lilichaguliwa vizuri.

Tena sisi wa Katanga tuna bahati kuliko wengine, juu fibre inatufikia na kwa mlango wa Zambia. Mangaribi ikifungwa, kusini iko wazi. Sasa juu ya nini mega iko bei ile? Juu ya nini ukitoka Lubumbashi, ukiacha barabara kubwa na kuingia kilometa makumi mawili mu pori, simu inakuwa saa na taa tu? Kable ya baharini haiwezi kujibu ulizo hilo. Shida iko katikati ya ule mstari mkubwa na mutu.

Na pale katikati kuko nini? Kuko antena yenye kuishi kwa mazutu, maana umeme haufike. Kuko barabara ya kupeleka hayo mazutu, na mu mvua barabara haiko. Kuko kampuni yenye kuhesabu wateja na kuona kijiji hakitalipa. Mimi siwalaumu kwa kuhesabu, biashara ni biashara. Nawalaumu kwa namna wanauzisha. Kampuni ninayotumia inaniuzia forfe ya saa 24. Saa ya kuinunua rezo iko mzuri, kisha inalegea mpaka usiku, na mega zenye kubakia zinakufa. Zilikufa na feza yangu. Ukipiga simu kwa huduma ya wateja, mashine inakuambia ubonyeze 1, ubonyeze 2, mpaka inite nazo ziishe. Mwenye kuuzisha bunga kilo tano, akarudi jioni kukunyanganya kilo mbili juu haujaipika, mu soko letu angepigwa.

Serikali nayo ilikuwa wapi? Mukumbuke RAM. Mwezi wa kenda 2020 walianza kukata inite zetu, dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G na kupita, dola 1 kwa ile ya 2G. Tuliambiwa ni kwa kutulinda na wezi wa simu na simu za bandia. Watu walilalamika, wabunge walimuita waziri Augustin Kibassa Maliba, na ilingoja mwanzo wa 2022 ndiyo iondolewe. Mimi ile jambo haijanitoka. Si juu ya dola 7 peke yake. Ni ule mupango wake: ilichukua kwa mwenye kuwa tayari ananunua mega kwa taabu, mbele ya kumuonyesha hata nguzo moja ya antena. Mama mwenye kuuzisha tomate kwa simu alilipa sawa na mkubwa wa mu ofisi. Hata mkulima mwenye kupanda mbali na barabara anajua mutu hachukue mavuno ya shamba asilolima.

Kisha kuko hadithi ya Starlink. Mwezi wa tatu 2024 ARPTC ilisema ni marufuku mu nchi. Mwezi wa tano 2025 ikapewa ruhusa. Satelaiti ni zile zile, Kongo ni ile ile. Chenye kilibadilika ni karatasi. Wenzetu wengi hapa wanaimba kwamba shida imekwisha. Haijakwisha. Ile sahani inaomba dola na inaomba umeme, na mkulima wa muhogo hana vyote viwili. Lakini koperative ya watu mia moja yenye panneau solaire inaweza kujaribu, na hapo nakubali, hata ofisi ya agronomu wa teritware.

Nasema hivi juu kazi yetu iko pale. Tangu lile dudu la mahindi, chenille légionnaire, liingie inchini, karibu miaka kumi iliyopita, mkulima akiliona mapema anaweza kuokoa shamba. Likishaingia mu moyo wa muhindi, hata dawa haifike vizuri. Picha moja ya jani, yenye kutumwa siku ile ile, inaweza kutosha kwa agronomu kumuambia afanye nini. Picha ikifika kisha wiki mbili, inakuwa picha ya maiti. Ni vile na bei: mwenye gari anajua mahindi yanauzwa ngapi Kasumbalesa asubuhi, mwenye shamba hajue, na yule wa gari ndiye anataja bei.

Na sisi wenye lisansi, kazi zote sasa zinaombwa mu intaneti. Formulaire inakatika ukurasa wa nne, unaanza tena, unanunua forfe ingine.

Sheria ya 25 mwezi wa kumi na moja 2020 juu ya telekomunikasio inataja mfuko wa huduma kwa wote, FDSU, kwa ajili ya sehemu ambazo kampuni hazitaki kwenda. Basi watangaze, teritware kwa teritware, antena ngapi mfuko ule umesimamisha na zipi zinawaka leo. Na ARPTC ilazimishe mega zenye kununuliwa zisikufe usiku wa manane. Hiyo haiombe kable wala mazutu, inaomba sahihi.

Wenye kuwa mu teritware, muandike hapa chini: jina la kijiji, na mwendo wa dakika ngapi mpaka kwenye kilima ambapo rezo inashika. Tutakusanya orodha, na tutaipeleka kwa muhuri wa shirika letu.