Mchongaji naye ale jasho lake

Hapa Kilembwe ukitaja haki ya mtungaji, watu wanawaza mara moja wanamuziki wa Kinshasa. Mchongaji na mchoraji hawamo katika mazungumzo. Sisi tunaona hilo ni kosa, na kosa lenyewe halitoki katika sheria.

Sheria iko. Ile namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda wimbo, kitabu, picha na sanamu. Haki inazaliwa pamoja na kazi, bila muhuri wa ofisi, na inadumu maisha yote ya mtungaji na miaka 50 kisha kufa kwake. Kwa kukusanya feza inchi ilikuwa na SONECA tangu 1969. Mwaka 2011 SOCODA ikaruhusiwa kushika kazi hiyo.

Basi, juu ya nini mchongaji anabaki mikono mitupu? Wimbo unaweza kulipiwa kila unapopigwa. Sanamu inauzwa mara moja tu, na wengi tunafikiri yote yamekwisha hapo. Ukiuza kuku, mayai yake yanamfuata mnunuzi. Kazi ya sanaa si kuku. Aliyenunua sanamu amenunua mti uliochongwa. Hakununua ruhusa ya kuchapa sura yake kwenye kalenda ao kitambaa.

Tumtazame Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi. Katika miaka ya 1973 na 1974 alichora historia ya inchi yetu, na Johannes Fabian alinunua picha zake 101, ambazo zilifika makumbusho ya Amsterdam. Mwaka 1996 zilitoka katika kitabu. Mchoraji mwenyewe, tangu mwanzo wa miaka ya 1980, hajulikani aliko. Hatumshitaki mtu. Tunauliza tu: makuta ya mchoraji kama huyo yakitokea leo, yatabisha hodi mlango gani?

Lakini tusidanganyane, sheria haitoshi kwa kila kitu. Kinyago cha alunga cha Wabembe, chenye sura mbili, moja mbele na moja nyuma, kinaonyeshwa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Hakikuwa mali ya mchongaji. Kilikuwa cha chama chenye siri zake. Miaka 50 tutaihesabu tangu kifo cha nani? Hapo kumlipa mtu mmoja kungekuwa kosa lingine. Wenye kuulizwa kwanza ni wazee, nao wana haki hata ya kukataa.

Kwa wachongaji na wachoraji walio hai, lawama kubwa iko kwetu walimu. Tunamfundisha mwanafunzi kuchora, hatumfundishi kutia sahihi. Basi aweke jina na mwaka kwenye kazi, abaki na picha yake, na kwenye risiti aandike: nimeuza kitu, sikuuza ruhusa ya kukichapa. Karatasi hiyo haimtajirishi leo. Lakini siku ya mabishano, asiye nayo atasimama mbele ya kazi ya mikono yake kama mgeni.