Fundi wa Kupanga Mito

Mzee mmoja wa Nyeri haanzi kupanga safari kwa kutafuta gari. Huanza na mvua. Siku chache kabla ya wageni wake kuondoka Nairobi, hutandaza mezani ramani za zamani za kipimo cha 1:50,000, zilizokunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imetoboka, kisha hushika simu na kumtafuta karani wa kituo cha kununulia chai kilicho kando ya msitu.

"Habari ya huko, mwanangu? Maji yakoje?"

"Yamechafuka, mzee. Jana ilinyesha juu, yanashuka mekundu."

"Uliyaona wewe, au umeambiwa?"

"Niliyaona, mzee. Nilivuka asubuhi."

Basi, wiki nzima inapangwa upya. Mto Gura uliokuwa wa Jumatatu unasukumwa hadi Alhamisi. Jumatatu inapewa Burguret, upande wa magharibi wa Mlima Kenya, ambako huenda jana halikudondoka hata tone. Wageni wenyewe hawajui lolote kati ya haya. Wako Nairobi wanabishana nani alete sufuria.

Kazi hii haina cheti wala jina. Seremala husifiwa kwa kiti chake na mhunzi kwa jembe lake, lakini anayekaa chini kupanga siku saba za kuvua trauti, mto baada ya mto, hahesabiwi fundi. Akifaulu, hakuna cha kuonyesha: maji yalikuwa safi, njia ilipitika, askari wa wanyamapori alikuwa langoni kwa wakati. Akikosea ndipo jina lake linapotajwa garini.

Jambo la kwanza alilo nalo kichwani ni kila mto unaelekea wapi. Gura, Mathioya na Maragua, inayotoka mashariki mwa milima ya Nyandarua, huishia Tana. Sagana, Thego, Ragati na Thiba, inayoshuka kusini mwa Mlima Kenya, nayo ni ya Tana. Naro Moru, Burguret, Liki na Sirimon hukimbilia kwingine kabisa, kwenye Ewaso Ng'iro na nchi kavu ya Laikipia na Samburu. Pande hizo hazinyeshewi sawa. Kusini na mashariki mwa mlima hulowa. Kaskazini-magharibi hukaa nyuma ya mlima na kupata mabaki. Kutoka Nyeri hadi Nanyuki ni kama kilomita 60 za lami, kwa hiyo anayejua siri hii anaweza kuukimbia mto wa tope asubuhi na kabla ya saa sita akawa kwenye maji yanayoonyesha kokoto. Ila si Aprili. Mvua za masika zikishaingia, mzee hukataa wageni wote, hata wale wa miaka nenda miaka rudi.

Halafu kuna suala la Chania. Mito yenye jina hilo ni miwili: mmoja unapita Nyeri ukielekea Sagana, mwingine unatoka upande wa Kinangop na kushuka hadi Thika. Ramani ya simu haijali. Mtu huandika "Chania", naye hupelekwa kwa adabu zote hadi kwenye Chania asioutaka, akafika jua la saa saba kwenye maji vuguvugu ya nchi ya kahawa, na kukesha akieleza kwamba siku hizi hakuna samaki.

Samaki wapo, ila hawako huko. Trauti ni kiumbe wa baridi. Maji yakipita nyuzi 20 za Selsiasi huanza kutaabika, hula kidogo, hujificha. Ndiyo maana mpango mzuri husomwa kwa mwinuko kabla ya kusomwa kwa kilomita. Sehemu za chini, karibu na mashamba ya chai, zinavuliwa alfajiri. Sehemu za juu, kwenye nyika ya Nyandarua zaidi ya mita 3,000, ni kinyume: kule asubuhi nyasi zina barafu, wadudu hawaruki mpaka jua litoke, na anayeamka saa kumi na moja hupata mafua tu. Mzee hufuata kontua kwa ukucha wa kidole gumba. Mistari ikibanana, pale ni maporomoko, hakuna kazi. Ikianza kuachana, mto unapumua, na hapo pana vilindi. Hajawahi kuviandika majina, lakini kila penye kilindi pana alama ndogo ya penseli ambayo mgeni huidhania ni uchafu.

Jioni, ramani zikishakunjwa, huja zamu ya jiliwa.

Ni jiliwa dogo lililofungwa ukingoni mwa meza, lisilobana kitu kikubwa kuliko ndoana. Kwa miaka mingi sheria ya Kenya imetaka trauti avuliwe kwa ufito, mshipi na nzi bandia, wala si kwa mnyoo, kwa hiyo orodha ya mito ni lazima iwe na orodha ya nzi pembeni yake. Yule aitwaye Coachman huanza na uzi, kisha nyuzi chache za unyoya wa tausi zinazozungushwa kwenye shina la ndoana mpaka zitoe kiwiliwili kinene chenye kijani kinachogeuka shaba ukikisogeza kwenye taa. Unyoya wa shingo ya jogoo mwekundu hufuata, unazungushwa karibu na jicho la ndoana ili nyuzi zake zisimame pande zote. Mwisho bawa jeupe. Hapa ndipo mkono unapojulikana. Bawa likivutwa kidogo tu zaidi, hulala upande mmoja, na nzi huyo akitupwa majini huzunguka badala ya kuelea. Mzee hukata uzi, hufungua, huanza tena. Hasemi neno. Ukimya huo umewafukuza vijana wengi waliokuja kujifunza.

Nzi wake huwafunga kwa mto. Kwa Gura, mkubwa na mweusi, maana maji yake ni ya kasi na ya kivuli. Watu wa Nyeri huapa kwamba hakuna mto unaoushinda kwa mbio. Kwa vijito vya juu, mdogo na wa kahawia. Kila kundi huingia kwenye kiberiti kitupu kilichoandikwa jina la mto na siku. Kuna kichekesho hapa: Kenya ni mojawapo ya nchi zinazosafirisha kwa wingi nzi waliofungwa kwa mkono, wengi wao wakitengenezwa na wanawake katika karakana, na mgeni anaweza kununua kiboksi cha bei ghali dukani Uingereza, akakivusha bahari, akakileta kivue kilomita chache kutoka kilikozaliwa. Mzee akioneshwa viboksi hivyo hukagua fundo la mwisho kwanza. Mara nyingi hutikisa kichwa kuridhika.

Trauti mwenyewe ni mgeni. Wa kwanza waliwekwa Gura mwaka 1905, wa asili ya Loch Leven huko Uskochi, kwa juhudi za Ewart Grogan, mlowezi aliyekuwa amejipatia sifa kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo. Trauti wa upinde wa mvua walifuata kutoka Afrika Kusini mwaka 1910. Grogan huyohuyo, mwaka 1907, aliwachapa viboko Wakikuyu mbele ya mahakama ya Nairobi, hadharani, mchana. Yafaa mambo hayo mawili yakumbukwe pamoja. Mito ilipandwa samaki kwa ajili ya burudani ya wachache, na kwa miongo kadhaa mwenyeji aliyekutwa na ufito ukingoni alikuwa na mengi ya kueleza. Kituo cha kuzalisha trauti cha Kiganjo kilianza 1948. Jirani yake, kando ya Sagana, ipo ile nyumba aliyopewa binti mfalme Elizabeth kama zawadi ya harusi, alikoarifiwa tarehe 6 Februari 1952 kwamba babake amefariki. Kabla mwaka huo haujaisha hali ya hatari ilitangazwa, na misitu ya milima yote miwili ikawa uwanja wa vita vya Mau Mau. Mito haikuwa na wavuvi tena, ilikuwa na watu waliojificha.

Wazee waliorithi ufundi huu waliupata kwa mlango wa nyuma: walibeba vikapu, walipika, waliongoza njia, na njiani wakasoma maji kuliko mabwana waliowaajiri. Hakuna kitabu kilichoandika hilo ipasavyo.

Siku ambayo mzee huipigania kuliko zote ni siku tupu. Katika kila wiki huacha moja, kwa kawaida ya nne au ya tano, isiyo na mto wowote. Wageni huilalamikia, wamelipia, wanataka kujaza. Lakini siku hiyo nguo hukauka, mishipi hunyooshwa, gari lililojaa matope hufunguliwa breki, na mvua ikiwa imeharibu Jumatatu, pana mahali pa kuilipia. Ratiba zinazopangwa sasa kwenye simu hazina siku tupu. Zina mito saba kwa siku saba, picha saba, na saa ya kuondoka kila mahali. Kibali hulipiwa kwa simu, ada ya hifadhi kwa simu, ni jambo jema hilo, foleni zimekwisha. Ila anayelipa haongei na mtu yeyote aliyeyaona maji, na anafika Lango la Kiandongoro akiwa na kila karatasi isipokuwa ile habari moja aliyokuwa akiihitaji.

Lawama yote haiwezi kuwekwa kwenye simu. Mito yenyewe imepungua kwenye ramani. Burguret na Naro Moru, kiangazi kikikaza, hunywewa na mifereji na pampu za umwagiliaji mpaka sehemu za chini hubaki mawe. Maji ya Maragua, Irati na Gikigie huchotwa kwa handaki la kilomita 11.8 kwenda bwawa la Ndakaini, na kutoka hapo kwenda kwenye mabomba ya Nairobi. Hakuna mwenye akili atakayesema mji mkuu ulale na kiu ili watu wachache wavue, lakini mpangaji wa mito ana haki ya kuona pengo. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe chini ya milima hiyohiyo, alipopokea Nobel mwaka 2004 alikumbuka kijito cha karibu na kwao, alikokuwa akichota maji na kujaribu kuokota mayai ya chura akiyadhania shanga. Kilikuwa kimekauka. Uzio wa umeme wa karibu kilomita 400 uliokamilika 2009 umesaidia kuilinda misitu ya Nyandarua, na Gura bado unanguruma. Vijito visivyo na jina kubwa havikupata mtetezi wa namna hiyo.

Kwenye ramani ya mzee baadhi ya alama za penseli zimefutwa kwa raba. Mjukuu wake amejitolea kuingiza zilizobaki kwenye simu. Mzee amekubali amwekee malango, vituo vya mafuta, na yale madaraja yasiyobeba gari zito. Vilindi amevikataa, kwa hoja ambayo ni vigumu kuipinga: kilindi kikijulikana na kila mtu, msimu mmoja tu hakina kitu.

Kwa safari ya sasa, wageni waliomba mito saba na wamepewa minne. Wawili kati yao wamekwisha kuuliza kuhusu mabwawa ya kufugia trauti, ambako mtu huvua kando ya lami na kulipia kwa kilo. Mzee amewaelekeza vizuri, bila kinyongo, hadi kona ya kuingilia. Amewaomba tu wasiende Jumatano, kwa sababu kama haitanyesha tena, Jumatano Thego utakuwa umesafika.