Sahani Mia Moja za Santuri

Kabla dunia haijamjua kwa gitaa, Jack White alikuwa fundi wa kuvisha viti na makochi mjini Detroit. Mwaka 2004, alipokuwa amekwisha kujulikana, yeye na Brian Muldoon, aliyemfunza kazi hiyo, walitengeneza sahani 100 tu za santuri, wakazificha ndani ya makochi ambayo Muldoon alikuwa akiwashonea wateja. Tangu 2017 kampuni ya White, Third Man, ina kiwanda chake cha santuri mjini humo, na mteja aliyeko dukani huwatazama mafundi kupitia kioo. Ukijua hatua za kazi yenyewe, utaona kwa nini bendi ndogo ya roki yenye damu ya blues hutoa sahani chache na kuzingoja kwa muda mrefu.

Kazi huanza na bamba la alumini lililopakwa laka laini. Fundi huliweka kwenye mashine ya kukatia, likazunguka, kisha huteremsha sindano ya johari iliyopashwa moto ili ikate mfuo wa sauti bila kukwaruza. Laka inayochimbuliwa hutoka kama uzi mwembamba, na mrija huufyonza papo hapo, maana hushika moto upesi. Besi nzito huuyumbisha mfuo, kwa hiyo fundi huiachia mifuo nafasi isije ikagusana. Huinama kwenye hadubini, akakagua. Hapa hakuna kufuta: akikosea, bamba hutupwa na upande mzima huanza upya. Akimaliza, huchora kwa mkono namba ya toleo karibu na katikati.

Bamba huoshwa, likanyunyiziwa fedha, likatumbukizwa katika tangi ambamo umeme huijenga nikeli juu yake, tabaka kwa tabaka. Nikeli ikibanduliwa huwa kinyume cha bamba: palipokuwa na mfuo pana tuta. Kutokana nayo hupatikana vibati vya kupigia chapa. Kibati nacho huchoka. Kikishapiga sahani 1,000 hivi, ncha za matuta yake huanza kulika. Katika toleo dogo, hata sahani ya mwisho hupigwa na kibati kikali.

Kwenye mashine ya kugandamiza, chembe za plastiki huyeyushwa zikawa donge nene. Lebo za karatasi zimekwisha kukaushwa katika oveni, kwa kuwa unyevu ungezichana. Hazigundishwi kwa gundi. Mvuke na mgandamizo huzishikamanisha na plastiki. Maji baridi hupita, kingo hukatwa, na sahani hutoka baada ya nusu dakika hivi. Toleo likitakiwa liwe la rangi mbili, fundi huunganisha kwa mkono vipande viwili vya plastiki ya moto kabla havijapoa. Kwa hiyo mpaka wa rangi haufanani kwenye sahani mbili zozote.

Sahani za mwanzo ni za majaribio. Msikilizaji huzisikiliza pande zote mbili, tangu mwanzo hadi mwisho. Mkwaruzo ukisikika kwenye sahani moja tu, hiyo hutengwa. Ukisikika mahali palepale kwenye sahani mbili, kosa liko kwenye kibati, na kazi hurudi nyuma kwenye nikeli. Bendi inayojitegemea hulipia ucheleweshaji huo kwa fedha yake yenyewe, na bado hukubali kungoja. Kwangu mimi, thamani ya sahani chache kama zile mia inatoka hapo.