Betri Mbili, Waya Mmoja Mnene

Alfajiri kwenye uwanda wa Shira, magharibi mwa Kilimanjaro, injini ya dizeli huamka kwa shida ambayo Moshi haijulikani. Barabara ya magari inayopanda kutoka lango la Londorossi hupita mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, wakati Moshi mjini ni mita 800 hivi. Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa karibu nyuzi 6 za Selsiasi. Usiku wa Julai ambao Moshi mtu anavuta shuka tu, huko juu maji ya kwenye ndoo yanaweza kuganda. Hewa nayo imepungua hadi takriban theluthi mbili ya ile ya pwani, na dizeli huwashwa na joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Hewa ikiwa haba na ya baridi, stata inalazimika kuzungusha kwa muda mrefu zaidi. Saa hiyo hiyo betri ya asidi iliyopoa kutoka nyuzi 25 hadi 0 imebakiwa na karibu asilimia 80 ya uwezo wake.

Sasa iongezwe friji iliyonguruma usiku kucha.

Gari linalozungumzwa hapa ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye injini ya 1HZ: silinda 6, lita 4.2, pampu ya dizeli isiyotegemea kompyuta. Ni gari linalopeleka wageni Serengeti wiki hii na wiki ijayo linapandisha mizigo ya wapagazi mlimani. Injini hiyo ikishawaka haidai umeme mwingi, lakini kabla ya kuwaka inadai mno, kwa sababu plagi zake za kupasha joto hunyonya betri hata kabla stata haijaguswa. Ndiyo maana betri ya kuwashia inapaswa kulala ikiwa imejaa. Haiwezekani ilale imejaa kama ndiyo hiyo hiyo inayolisha friji, redio, taa za kambini na inveta ya kuchajia kamera.

Hesabu yake si ngumu. Friji ndogo ya kompresa huvuta kama ampea 4 inapofanya kazi. Kwenye joto la nyika inafanya kazi karibu nusu ya muda, yaani wastani wa ampea 2. Saa 12 za usiku ni ampea-saa 24. Inveta ikichaji kamera na simu za wageni kwa wati 150, inavuta kama ampea 14, na kwa saa mbili ni ampea-saa 28. Jumla 52. Betri ya kuwashia ya ampea-saa 90 imepita nusu, na sahani zake nyembamba zimeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, si kukamuliwa polepole hadi chini. Ikifanyiwa hivyo mara kwa mara, inakufa mapema.

Kwa hiyo inawekwa betri ya pili, ya aina inayovumilia kushushwa na kupandishwa. Inayozoeleka ni AGM ya ampea-saa 100: bado ni ya risasi na asidi, ila asidi yake imenyonywa ndani ya nyuzi za kioo, haimwagiki hata gari likiinama kwenye korongo. Swali linalowagawa mafundi ni wapi pa kuiweka. Chini ya boneti waya ni mfupi, lakini joto la injini hula betri. Kanuni ya mafundi ni kwamba nyuzi 10 za ziada hupunguza maisha ya betri ya asidi kwa nusu. Nyuma ya gari kuna ubaridi, jirani na friji, ila waya unarefuka hadi mita 6 au zaidi.

Na waya ndio unaoamua kazi yote. Wenye magari wengi hulipia betri ghali kisha huunganishiwa kwa waya uliobaki kutoka kazi nyingine, na hapo fedha zao hupotea. Waya wa shaba wa milimita za mraba 6, urefu wa mita 6, ukipitisha ampea 40, unapoteza volti 0.7 njiani. Altaneta inatoa volti 14.2, betri ya nyuma inaona 13.5. Umeme hupungua kadiri betri inavyojaa, na upotevu nao hupungua, lakini gari linaweza kuzimwa kambini kabla betri haijafika popote. Waya wa milimita za mraba 25, urefu ule ule na ampea zile zile, unapoteza chini ya volti 0.2. Hakuna kifaa kingine katika kazi hii kinacholeta tofauti kubwa hivyo kwa bei yake.

Katikati ya betri mbili hukaa relei inayosoma volti. Gari likiwaka na betri kuu ikifika volti 13.3 hivi, relei inaziunganisha. Injini ikizimwa na volti kushuka hadi 12.8, inazitenga. Friji inabaki inakula kutoka betri ya nyuma peke yake. Kwa altaneta ya 1HZ, inayotoa volti ile ile bila kuamriwa na kompyuta, na betri ya AGM, mpangilio huu unatosha. Hakuna haja ya kumuuzia mwenye gari hilo kitu cha ghali zaidi.

Hali hubadilika betri ya nyuma ikiwa ya lithiamu. Hiyo hata ikipumzika inashika volti 13 na ushee, kwa hiyo relei inaweza kushindwa kutambua kwamba injini imezimwa. Isitoshe inapokea umeme kwa pupa na inaweza kuchemsha altaneta. Hapo inahitajika chaja maalumu, ya ampea 25 au 40, inayopima inachovuta na kupandisha volti hadi kiwango betri inachotaka. Magari mapya ambayo kompyuta yake hushusha volti ya altaneta ili kuokoa mafuta yanahitaji chaja hiyo pia. Kwa wapandao Shira kuna tahadhari moja kubwa: lithiamu haichajiwi chini ya nyuzi 0, kwani madini yake huganda juu ya sahani na kuiharibu kabisa. Betri nzuri hujikatia chaji yenyewe hadi ipate joto.

Kuna pia Land Cruiser za dizeli za soko la Japani zilizokuja na betri mbili tangu kiwandani. Betri hizo zipo ili kupata volti 24 za stata. Anayezikuta na kudhani kazi imekwisha fanyika anaweza kuunguza friji ya volti 12 siku ya kwanza.

Usalama wa kazi unaonekana kwenye fyuzi. Waya mnene una chanzo cha umeme kila upande, hivyo fyuzi ni mbili, kila moja karibu kabisa na betri yake. Barabara zenye mawimbi za hifadhini husaga waya uliopita kwenye tundu la bati bila raba, na waya huo ukigusa bodi bila fyuzi unawaka kabla dereva hajafungua mlango. Waya wa hasi unafungwa kwenye chesisi iliyokwanguliwa rangi hadi chuma king'ae, kisha kupakwa grisi. Betri yenyewe hukazwa kwa fremu ya chuma na bolti; mkanda wa mpira hauhimili safari.

Mwisho fundi huchukua mita. Injini ikiwa imezimwa, betri mbili zinapaswa kuonyesha namba tofauti. Injini ikiwashwa, baada ya muda mfupi zinakaribiana. Kisha anawasha friji na inveta pamoja, anaweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri ya mbele na nyingine kwenye chanya ya betri ya nyuma. Ikisoma zaidi ya nusu volti, anarudi chini ya gari na tochi kutafuta kiungo kilicholegea.