Setilaiti 49 na kosa la kilomita 210

Mchana wa tarehe 3 Februari 2022, roketi ya Falcon 9 iliruka kutoka Kituo cha Anga cha Kennedy, Florida, ikiwa na setilaiti 49 za intaneti za Starlink. Urushaji wenyewe haukuwa na dosari: hatua ya kwanza ilirudi ikatua salama, ya pili ikafika ilikotakiwa, setilaiti zote zikatoka. Hata hivyo, muda si mrefu 38 kati yake ziliporomoka na kuungua angani.

Tuanze na namna zinavyoachiwa. Setilaiti hizi ni bapa. Hupangwa moja juu ya nyingine kwenye pua ya roketi, zikakazwa kwa vyuma virefu. Zikifika juu, hatua ya pili hujizungusha taratibu, vyuma vinafunguka, na rundo zima linaachana lenyewe kwa sababu kila setilaiti ina mwendo unaotofautiana kidogo na wa jirani yake. Zinaweza hata kugusana, na zimeundwa kuhimili hilo. Baada ya hapo kila moja hukaguliwa, hukunjua paneli yake ya sola, kisha injini ndogo ya umeme, iliyotumia gesi ya kriptoni wakati huo, huipandisha polepole, kwa wiki kadhaa, hadi kwenye obiti ya kazi, iliyokuwa kama kilomita 540 juu.

Siku ile ziliachwa kwenye obiti ambayo sehemu yake ya chini kabisa ilikuwa kilomita 210 tu. Haukuwa uzembe. Roketi isiyolazimika kupanda sana hubeba mzigo mkubwa zaidi, na setilaiti itakayokutwa mbovu huvutwa na hewa, ikashuka na kuungua mapema, badala ya kubaki juu miaka mingi ikihatarisha vyombo vingine. Sababu hii ya pili naiheshimu sana.

Lakini tarehe 29 Januari Jua lilikuwa limefyatua wingu la chembe zenye umeme kuelekea Dunia. Dhoruba ya kisumaku iliyofuata haikuwa kubwa. Ilitosha tu kupasha moto tabaka za juu za hewa, zikatanuka. Pale kilomita 210 ukinzani wa hewa ulipanda kwa hadi asilimia 50 zaidi ya ule wa safari zilizotangulia.

Waongozaji waliziamuru setilaiti zilale ubavu, zikate hewa kama karatasi inayopita kwa ukingo wake. Hapo ndipo ziliponasa. Ili kupanda, setilaiti ilipaswa kuacha mkao ule wa kujikinga na kuwasha injini. Na kwa hewa ile nzito, nyingi hazikuweza kuuacha. Zikaendelea kushuka.

Kwa maoni yangu kanuni ya kuziachia chini ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni kiasi. Jua lilikuwa linaelekea kilele cha mzunguko wake wa miaka 11, kwa hiyo dhoruba za aina ile zilikuwa za kutarajiwa, na kilomita 210 hazikuacha nafasi ya kuvumilia hata moja.

Tarehe 21 Februari kampuni yenye setilaiti hizi ilirusha kundi jingine na kuliachia zaidi ya kilomita 300 juu. Safari hiyo zilikuwemo setilaiti 46, tatu pungufu. Katika kimo hicho setilaiti mbovu bado hushuka yenyewe, ila huchukua muda mrefu zaidi.