Swali Dogo la Kila Siku

Pana desturi iliyoenea katika shule nyingi za ng'ambo, nayo imekwisha kubisha hodi hata kwetu. Kila siku mwalimu huandika ubaoni swali moja lililotoka katika maisha ya kawaida, au lenye kumtaka mtu ajitazame moyoni mwake. Kisha wanafunzi huandika kwa dakika chache pasipo kusita, pasipo kufuta, na pasipo kuogopa makosa. Wako walimu waisifuo kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa, na wako waichekao kuwa ni mchezo wa kupoteza karatasi. Sisi tumeijaribu darasani, na vitabu vya walioieneza tumevitazama. Basi twataka kuipima kwa haki, tuseme wema wake na upungufu wake.

Kwanza yatupasa kujua ilikotoka. Mwaka 1934 mwanamke mmoja wa Marekani, Dorothea Brande, alitoa kitabu cha kuwafundisha watu kazi ya uandishi. Shauri lake moja lilikuwa hili: amka nusu saa au saa nzima kabla ya wakati uliouzoea, na kabla hujasema na mtu wala kusoma lolote, andika lijalo kichwani. Mwaka 1973 mwalimu Peter Elbow, wa nchi iyo hiyo, aliandika kwamba mtu na aandike kwa dakika 10 bila kuusimamisha mkono. Akikosa neno, na aandike kwamba amekosa neno, mpaka neno lije. Mwaka 1992 Julia Cameron akaagiza kurasa 3 kila asubuhi. Vitabu hivi vyote vyasimama juu ya wazo moja, nalo twaliona kuwa la kweli: ndani ya kila mwandishi wamo watu wawili, mmoja atungaye na mmoja akosoaye, wakisema wote pamoja, yule atungaye hunyamaza kwa aibu. Kwa hiyo mkosoaji na aambiwe angoje nje kidogo.

Wazo hili lina faida kubwa kwetu, kwa maana insha za shule zetu zina ugonjwa unaojulikana. Waambie watoto waandike juu ya siku wasiyoisahau, utapata karatasi 40 zenye jua lile lile likichomoza, ndege wale wale wakiimba, na moyo ule ule ukidunda kama ngoma. Maneno hayo yamekaririwa; hakuna aliyeyaona. Mtoto wa wafugaji, aliyetumwa jana usiku kumtafuta ndama aliyepotea, huiacha habari hiyo yenye mifupa na damu, akaandika safari ya ndege ambayo hajapata kuipanda, kwa kuwa amefundishwa kwamba maisha ya kwao si kitu cha kuandikwa. Hasara hii yapita makosa yote ya sarufi. Mtoto amejifunza kuandika, na papo hapo amejifunza kwamba yeye mwenyewe hana la kusema.

Nasi hatuna haki ya kuwanyoshea wengine kidole, kwa kuwa tulitenda kosa ambalo mpaka leo latuuma. Siku moja tuliwapa wanafunzi wa darasa la tano swali hili: "Leo alfajiri ulisikia sauti gani kwanza?" Kijana mmoja mnyamavu, ambaye kwa kawaida hakupita mstari wa pili, aliandika mistari 6. Jioni tulichukua wino mwekundu, tukahesabu makosa 11, tukaliweka daftari lake katika fungu la walioshindwa. Kesho yake, tulipokuwa tukitafuta daftari jingine, lile likaanguka mikononi mwetu, tukalisoma tena. Na safari hii tuliyasoma maneno yenyewe. Sauti aliyoisikia kwanza ilikuwa kikohozi cha mama yake. Aliandika kwamba kila alfajiri hulala kimya akikingojea, kwa kuwa siku kisiposikika ataogopa kuinuka. Sentensi ile ilikuwa na makosa mawili ya herufi, na sisi tulikuwa tumeyaona hayo mawili tu.

Huo ndio wema wa swali la kila siku. Lakini sasa na tuseme upungufu.

Upungufu wa kwanza umo katika maswali yenyewe. Tumeona orodha ndefu za maswali ya mwaka mzima, na mengi ni makubwa mno. Furaha ni nini? Unajiona wapi baada ya miaka 10? Kama ungekuwa mnyama, ungekuwa mnyama gani? Swali la namna hii lamrudisha mtoto kwenye maneno ya kukariri, kwa maana hana pa kushika. Mtu akiulizwa juu ya upendo hujibu kwa methali. Bali akiulizwa ni nani hula mwisho nyumbani kwao, na kwa nini, atakueleza upendo bila kulitaja jina lake. Swali jema ni kama mpini wa jembe, unaoenea kiganjani. Tena swali lina kwao. Lile lililotungwa kwa ajili ya mtoto mwenye chumba chake halimfai mtoto alalaye na ndugu zake watatu juu ya mkeka mmoja. Mwalimu anakiliye orodha ya wengine bila kuipepeta huwafanyia watoto lile lile lililofanywa na insha za kukariri.

Upungufu wa pili ni kuishia kwenye kumwaga. Mahindi yaliyopukuchuliwa hayajawa ugali. Elbow mwenyewe alilijua jambo hili, maana kitabu chake chataka pia kundi la wasomaji watakaomwambia mwandishi waliyoyasikia katika maandishi yake; lakini wengi walioifuata desturi yake wamezichukua zile dakika 10 na kuliacha kundi. Matokeo yake ni madaftari yaliyojaa, yasiyosomwa na mtu, na mtoto ambaye mwisho wa mwaka aandika sawasawa na alivyoandika mwanzo wake.

Aliyelitimiza jambo hili vizuri kuliko hao wote, kwa maoni yetu, ni mwalimu wa kijiji, Célestin Freinet wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1896 na kufa mwaka 1966. Alirudi kutoka Vita Kuu ya kwanza na jeraha la kifua, hata kusema kwa muda mrefu darasani kulimchosha. Katika kijiji cha Bar-sur-Loup aliwatoa watoto nje, wakatazama mashamba na mafundi katika kazi zao, kisha wakarudi wakaandika waliyoyaona. Naye akaleta darasani mtambo mdogo wa kupigia chapa, yapata mwaka 1924. Watoto walisoma maandishi yao mbele ya wenzao, wakachagua moja kwa kura, wakalitengeneza pamoja, kisha wakapanga herufi za risasi moja moja na kulipiga chapa. Mwaka 1926 wakaanza kupelekeana kurasa hizo na watoto wa shule ya Trégunc, upande mwingine wa nchi, karibu na bahari. Hapo sarufi ilipata sababu. Mtoto aliyejua kwamba mwenzake wa mbali, asiyempata kumwona, atayasoma maneno yake, alitafuta mwenyewe mahali pa kutia nukta. Mkosoaji aliyeambiwa angoje nje alikaribishwa ndani kwa wakati wake, naye akaja kama fundi, wala si kama askari.

Upungufu wa tatu wahusu siri. Mwaka 1986 wataalamu wawili wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walitangaza habari za wanafunzi wa chuo walioandika kwa dakika 15 siku 4 mfululizo. Wale walioandika mambo mazito yaliyowapata, pamoja na walivyoyaona moyoni, walihuzunika zaidi mara baada ya kuandika. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kutafuta matibabu chuoni mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya juu juu. Basi kalamu yaweza kupasua jipu. Na apasuaye jipu yampasa awe na maji ya moto na kitambaa safi. Mwalimu aulizaye mambo ya moyoni, kisha akayasoma kwa sauti mbele ya darasa, au akayapeleka kisimani na barazani, amevunja amana. Hata Freinet alionja uchungu huu. Alipokuwa akifundisha Saint-Paul, mwaka 1932, ndoto ya mtoto mmoja juu ya meya wa mji, iliyokuwa imeandikwa shuleni, ilishikwa na wapinzani wake wakawachochea watu juu yake. Mwaka 1933 aliondolewa katika shule ile, na mwaka 1935 akafungua shule yake mwenyewe huko Vence.

Hukumu yetu basi ni hii. Desturi ni njema, wala haihitaji fedha: yatosha ubao, daftari, na dakika 10. Lakini yataka mambo manne. Swali na liwe dogo, nalo litoke mahali watoto walipo: ni kitu gani nyumbani kwenu kimetengenezwa mara nyingi kuliko vyote? Nani alikufundisha kuwasha moto? Ni njia gani usiyopenda kuipita peke yako? Siku ya kuandika, wino mwekundu ukae sandukuni. Mara moja kwa juma, mtoto achague mwenyewe andiko moja la kulitengeneza na kuwasomea wenzake. Na hayo mengine yabaki yake, akitaka kukunja ukurasa na aukunje, nasi tusiufunue. La nne ndilo zito kuliko yote: mwalimu aulizaye awe tayari kulipokea jibu.

Ninyi wazazi nanyi msione haya mtoto akiandika habari za jiko lenu na mkeka wenu. Hawatangazi. Ajifunza kwamba nyumba aliyozaliwa yastahili maneno.

Na yule kijana? Jioni ile tulikwenda kwao. Mama yake alipelekwa hospitali, akaonekana ana kifua kikuu, akanywa dawa kwa miezi 6, akapona. Mwaka mzima tulikuwa tumempita njiani tukimsalimu, naye akatujibu kwamba hajambo. Habari yake tuliipata katika mistari 6 ya mtoto, tuliyokuwa tumekwisha kuihesabia makosa.