Mita Moja na Nusu ya Chuma

Desemba 1954, katika kituo cha kufua umeme cha Ridgeland, Chicago, rota ya turbini ilikuwa ikijaribiwa kwa kuzungushwa kupita mwendo wake wa kazi. Ikapasuka. Rota ya namna hiyo ni gogo zito la chuma kilichofuliwa, na likikatika likiwa katika kasi ile hakuna ganda la mashine la kulizuia. Haikuwa rota pekee kuvunjika Marekani miaka hiyo. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndani ya chuma kulikuwa na nyufa ndogondogo, zile ambazo kipande kikivunjwa huonekana kama vidoa vya mviringo vyenye rangi ya fedha. Nyufa hizo hazikuletwa na kazi. Zilizaliwa chuma kilipokuwa kikipoa, na kilichozizaa ni haidrojeni.

Watu wa reli walikuwa wameonja balaa hilo mapema zaidi. Mwaka 1911 reli ilikatika karibu na mji wa Manchester, jimbo la New York, treni ikaanguka na watu 29 wakafa. Mhandisi James Howard aliukuta ufa uliokuwa umekua kutoka ndani ya kichwa cha reli kwenda nje, bila dalili yoyote juu. Ilichukua miaka mingi kabla ya gesi kutajwa kuwa mkosaji.

Kiasi chenyewe ni kidogo mno. Chuma kinachotoka tanuruni huwa na haidrojeni sehemu 4 hadi 6 hivi kwa milioni, maana yake tani nzima imebeba gramu tano tu. Nyingi hutokana na maji: chokaa iliyovuta unyevu, vyuma chakavu vilivyonyeshewa, matofali mapya ya tanuri ambayo hayajakaushwa sawasawa. Mvuke ukikutana na chuma cha nyuzi 1600 unavunjika, na haidrojeni inaingia ndani ikiwa atomu mojamoja. Chuma kilichoyeyuka kinaibeba bila taabu. Kikishaganda uwezo huo unashuka, na kikifika chini ya nyuzi 200 hakina tena nafasi hata ya sehemu moja kwa milioni. Atomu zilizonaswa hukusanyika penye uchafu mdogo ndani ya chuma, zinaungana tena kuwa gesi, na zinasukuma hadi chuma kinachanika. Wakati mwingine hilo hutokea siku kadhaa baada ya kipande kupoa kabisa, mkaguzi akiwa ameshakipitisha.

Dawa ya zamani ilikuwa subira. Reli zilifunikwa ndani ya masanduku ili zipoe polepole, na kuanzia miaka ya 1930 njia hiyo ilisaidia sana. Kwa kipande kinene subira ina bei yake. Muda ambao atomu inahitaji kutoka katikati hadi nje unaongezeka kwa kipeo cha pili cha unene: gogo lenye kipenyo cha mita mbili linadai muda mara nne ya lile la mita moja. Kadiri vituo vya umeme vilivyotaka rota kubwa zaidi, ndivyo vipande vilivyolazwa kwenye tanuri za kupozea kwa wiki nyingi, moto ukiwaka na kiwanda kikingoja. Ilibidi gesi itolewe kabla chuma hakijaganda.

Kwenye karatasi, jibu lilikuwepo tangu mwanzo wa karne ya 20. Mkemia wa Kijerumani Adolf Sieverts alikwisha kuonyesha kwamba kiasi cha gesi kama haidrojeni kinachoyeyuka katika metali hufuata kipeuo cha pili (mzizi wa mraba) cha mgandamizo wa gesi hiyo juu yake, kwa kuwa kila molekuli hugawanyika kuwa atomu mbili inapoingia. Chuma cha nyuzi 1600 chini ya haidrojeni tupu yenye mgandamizo wa angahewa moja kinaweza kubeba sehemu 25 hivi kwa milioni. Punguza mgandamizo mara elfu moja, na uwezo huo unapungua mara 32 hivi: inabaki chini ya sehemu moja. Nyufa za haidrojeni hazitii wasiwasi mkubwa gesi hiyo ikiwa chini ya sehemu 2. Kwa hiyo weka ndoo ya chuma kilichoyeyuka ndani ya chumba, funga kifuniko, nyonya hewa, na kazi imekwisha.

Haijaisha, na hapa ndipo penye uhondo wa habari yote. Mzamiaji anayeshuka mita kumi baharini anabeba juu yake uzito wa maji ulio sawa na angahewa nzima. Chuma kilichoyeyuka ni kizito mara saba hivi kuliko maji, kwa hiyo mita moja na nusu inatosha kuleta mgandamizo uleule. Ombwe linaloundwa juu ya ndoo linahisiwa juu tu. Kwenye kina cha mita moja na nusu chuma kinaishi katika mgandamizo wa angahewa kana kwamba pampu haipo, na ndoo ya kiwanda kikubwa ina kina kinachopita hapo kwa mbali.

Piga hesabu kidogo. Chuma chenye sehemu 5 za haidrojeni kinasukuma gesi nje kwa nguvu ya asilimia 4 tu ya angahewa. Nguvu hiyo inaweza kuinua sentimita sita za chuma, basi. Hata ombwe likiwa kamili, kiputo cha haidrojeni hakiwezi kuzaliwa chini ya sentimita sita kutoka juu; na kadiri gesi inavyopungua, tabaka hilo linazidi kuwa jembamba, hadi kwenye sehemu 2 inabaki sentimita moja. Chuma kingine chote, mita kwa mita, kinakaa chini na gesi yake. Anayedhani kwamba shida ya kazi hii ni kutengeneza ombwe ameukosa mlango. Kazi ni kukifikisha chuma mahali lilipo ombwe, kidogokidogo, kabla hakijapoa.

Viwanda vya eneo la Ruhr, Ujerumani Magharibi, vilitoa majibu matatu ndani ya miaka michache, na yote matatu yalitoka kwa watu waliokaa karibu karibu.

Bochumer Verein, kampuni iliyokuwa na sifa tangu karne ya 19 kwa kengele zake za chuma, ilianza mapema katika muongo wa 1950. Waliiweka kalibu ya ingoti, yaani gogo la chuma kinachogandishwa, ndani ya chumba kilichonyonywa hewa, wakafunga ndoo juu ya chumba hicho, na kuzuia tundu la kupitishia chuma kwa bamba jembamba la metali. Chuma kilipofunguliwa kiliyeyusha bamba na kuanguka ndani. Mkondo ulipoingia tu kwenye ombwe ulivimba na kutawanyika kuwa matone, kwa sababu gesi iliyokuwemo iliachiliwa ghafla. Tone halina kina. Kila tone lilikuwa ni uso mtupu, na safari ile fupi ya kuanguka ikatosha kuliondolea sehemu kubwa ya haidrojeni yake. Kwa rota za umeme ilikuwa jibu hasa: ingoti moja kubwa, inayomiminwa mara moja, na chuma hakikutani tena na hewa hadi kimeganda.

Shida ilihamia kwenye pampu. Chukua tani 100 za chuma na utoe sehemu 3 kwa milioni: ni gramu 300 za haidrojeni. Katika hewa ya kawaida gesi hiyo inajaza kama mita 3.4 za ujazo, chumba kidogo cha choo. Kwenye mgandamizo wa sehemu moja ya elfu ya angahewa inajaza zaidi ya mita 3,000 za ujazo, na hapo hujahesabu monoksidi ya kaboni, ambayo huwa nyingi zaidi, wala hewa inayopenya kwenye maungio, wala vumbi la moto. Pampu za pistoni zilielemewa. Kilichookoa ni vifaa visivyo na sehemu inayosogea: mvuke wa boila unapulizwa kwa kasi kupitia kinywa chembamba na kuikokota gesi pamoja nao, hatua baada ya hatua. Vumbi halivisumbui. Kwa maoni yangu mabomba hayo ya mvuke yanastahili sifa sawa na wavumbuzi wenyewe, ingawa hakuna aliyeyapa jina lake.

Jibu la Dortmund, mwaka 1956, lilikuwa tofauti. Kampuni ya Dortmund-Hörder ilining'iniza chombo cha ombwe juu ya ndoo kikiwa na mguu mmoja uliozama ndani ya chuma. Angahewa inayokandamiza chuma ndani ya ndoo ilikipandisha kupitia mguu huo kwa ile mita moja na nusu tuliyoitaja, uzito uleule uliokuwa kikwazo sasa ukawa kipimo cha kujengea mashine. Chombo kikishushwa, fungu kama sehemu ya kumi ya chuma linaingia, linatandazwa kwenye sakafu ya chombo, linachemka na kutoa gesi. Chombo kikiinuliwa, linarudi kwenye ndoo kuchanganyika na wenzake. Kisha tena, na tena, mara nyingi.

Mwishoni mwa muongo huohuo kampuni za Ruhrstahl na Heraeus, kwenye kiwanda cha Henrichshütte huko Hattingen, ziliongeza mguu wa pili. Katika mguu mmoja walipuliza gesi ya argoni. Chuma kilichochanganyika na viputo ni chepesi, kikapanda. Ndani ya chombo kikarukaruka na kutawanyika. Kikashuka kwa uzito wake kwenye mguu wa pili. Hakuna kupandisha na kushusha chombo chenye uzito wa nyumba. Mzunguko unaendelea wenyewe, na katika mitambo mikubwa ya leo unapitisha zaidi ya tani mia moja kwa dakika. Gharama yake ni joto na matofali: chuma lazima kitoke tanuruni kikiwa na moto wa akiba, chombo lazima kipashwe kabla, na miguu ile inaliwa na chuma hadi kubadilishwa mara kwa mara.

Mfumo wa Hattingen ulishinda, lakini si kwa sababu ya haidrojeni. Kwa haidrojeni peke yake sioni kwamba uliwapita sana jirani zake. Ulichokuwa nacho ni nafasi ya kufanya kazi nyingine. Kaboni na oksijeni zilizomo ndani ya chuma zikikutana hutoa monoksidi ya kaboni, na chini ya ombwe mwitiko huo unaendelea mbali kuliko katika hewa ya kawaida. Wajapani walilitumia hilo: walipuliza oksijeni ndani ya chombo na kushusha kaboni hadi chini ya sehemu 30 kwa milioni. Chuma hicho ni laini kiasi kwamba bati lake linaweza kukandamizwa kuwa mlango wa gari bila kuchanika. Mtambo uliojengwa kwa ajili ya magogo ya turbini umekuwa wa mabati.

Kuna jibu la nne, na ndilo rahisi kuliko yote. Weka tofali lenye vitundu vidogo chini kabisa ya ndoo, pulizia argoni. Kiputo kipya cha argoni hakina haidrojeni hata chembe ndani yake. Kwa haidrojeni kiputo hicho ni ombwe, hata kikiwa kwenye kina cha mita tatu, hata kikibanwa na uzito wote wa chuma. Atomu zinakimbilia humo na kupanda nacho, huku chuma cha chini kikikokotwa juu. Funika ndoo, nyonya hewa, na hesabu ya sentimita sita haina nguvu tena.

Wanaosubu alumini wanategemea kanuni hiyohiyo bila ombwe lolote. Alumini inapoganda kwenye nyuzi 660, uwezo wake wa kubeba haidrojeni unashuka kutoka mililita 0.69 kwa gramu 100 hadi 0.036, ndiyo maana vitundu vinatokea palepale, si siku za baadaye. Viwandani wanazamisha rota ya grafiti inayozunguka na kukata argoni au naitrojeni kuwa viputo vidogo. Kiputo cha milimita kumi kikigawanywa kuwa vya milimita moja, unapata viputo elfu na uso mara kumi. Fundi wa jua kali anayeyeyusha pistoni na masufuria mabovu hana rota hiyo, lakini anaweza kukausha vipande vyake chakavu juu ya tanuri na kuacha kuchochea bila sababu, na vitundu vitapungua.

Kujua kama kazi imefanyika ni mtihani wa peke yake. Mpimaji ananyonya chuma kwenye kijibomba cha kwatzi, chembamba kama penseli, anakitumbukiza kwenye maji baridi papo hapo, kisha kwenye barafu kavu. Akisimama kuzungumza na mwenzake, haidrojeni inatoka kwenye sampuli ikiwa mkononi mwake, na maabara italeta namba nzuri isiyo ya kweli.

Naitrojeni, kwa upande wake, haitoki kirahisi hivyo. Oksijeni na salfa hujipanga kwenye uso wa chuma na kuizibia njia, kwa hiyo ombwe lilelile linaloshusha haidrojeni chini ya sehemu 2 linaigusa naitrojeni kidogo tu. Viwanda vimeona afadhali kuizuia isiingie: chuma kinatoka kwenye ndoo kikipita ndani ya bomba la udongo wa kuhimili moto, na argoni inapulizwa kuzunguka maungio yake.